Ini ni la Aliyeona Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na nyasi!

Na ndani ya nyasi?

Palikuwa na mtu kajificha!

Basi mwacheni ajifiche, msimtaje jina. Sogeeni. Wewe unayetafuna muwa, tema, nisikie maneno yangu mwenyewe.

Hapo kale nyika ilikuwa na sheria moja, tena fupi, hata Kobe aliikumbuka. Anayewinda awinde kwa pua yake, kwa masikio yake, kwa miguu yake. Anayewindwa ajifiche kwa akili yake. Aliyekamatwa, kakamatwa. Aliyepona, kapona, kesho tena. Haikuwa sheria ya huruma. Watu waliliwa. Lakini aliyeliwa alikuwa amejaribu, na mama yake alilia bila kumlaani mtu.

Wawindaji nao walikuwa na desturi yao. Simba wakiwinda kwa kundi, yule aliyemwona mnyama kwanza ndiye aliyekula ini. Hata awe mdogo, hata awe kilema, hakuna aliyeligusa mpaka yeye ashibe. Ini ni la aliyeona kwanza. Hivyo ndivyo walivyolelewa.

Sasa alikuwepo Simba mmoja, mfalme. Alishiba mpaka akawa mvivu, akawa mvivu mpaka akasahau kunusa. Akikimbia kidogo, anahema, he, he, he. Akimkosa swala, anamlaumu swala. Siku moja akamwita Tumbusi, yule ndege wa shingo tupu anayekula mizoga.

"Tumbusi, wewe unaona mbali?"

"Naona mbali, mkuu. Nikiwa juu namwona hata siafu akijikuna."

"Basi ruka uniangalizie. Ukiona nyama, niambie ilipo. Tutakula pamoja."

Tumbusi akaruka. Fwaa, fwaa, fwaa, mpaka mawinguni. Akazunguka, akazunguka, akashuka. "Mkuu, yuko swala nyuma ya kile kichuguu, anachechemea." Simba akaenda, ndi, ndi, ndi. Pwaa! Kakara, kakara, kakara.

Swala alijificha nyuma ya kichuguu. Jicho la juu likamwona. Akaliwa. Ngiri alijificha shimoni. Jicho la juu likamwona akiingia, akangojwa mlangoni. Akaliwa. Pundamilia alijificha katikati ya wenzake, milia kwa milia. Jicho la juu likamchagua mwenye mimba, kwa kuwa huyo hana mbio. Akaliwa.

Na Tumbusi? Tumbusi aliambiwa, "Ngoja zamu yako." Zamu yake ilipofika, palikuwa na ngozi na uchafu wa tumboni. Ile "tutakula pamoja" ya wakubwa mnaijua wenyewe.

Wanyama wakakusanyika, wakaenda kushtaki. Kwa nani? Kwa Simba. Mnacheka nini? Mfalme ndiye hakimu, wangemshtakia nani mwingine? Kobe akasimama mbele, akakohoa.

"Mfalme, tunakuomba upige marufuku kuwinda kwa macho ya angani. Si haki. Nyasi zinatuficha pembeni, juu hazituezeki."

Simba akaweka mguu kifuani. "Wanangu, mmenigusa. Kuanzia leo ni marufuku. Mwewe asipeleleze, kunguru asipeleleze, popo asipeleleze. Anayeruka aruke akitazama mbele."

"Na Tumbusi, mfalme?"

"Tumbusi hapelelezi. Tumbusi anahesabu raia. Nitawalindaje bila kujua mko wangapi na mnalala wapi?"

Wanyama wakapiga makofi. Wakarudi makwao wamefurahi. Na kila aliyehesabiwa asubuhi, jioni hakuwa na haja ya kuhesabiwa tena.

Mimi nasimulia wanyama. Kama nyinyi mnasikia droni zikivuma juu ya pori, vuuu, na mwindaji yuko kitini na chai yake anatazama nyama kwenye kioo, hayo ni yenu. Mimi simo.

Katika nyika hiyo aliishi Digidigi. Mnamjua: yule swala mdogo kuliko swala wote, ukimwona unadhani ni mtoto, kumbe mama wa mtu. Digidigi akizaa hamfichi mwanawe shimoni. Humlaza kwenye nyasi, basi. Mtoto wa digidigi hana mbio, hana pembe, hana hata harufu. Ana kimya chake tu. Kimya hicho ndicho urithi wao, tangu bibi na bibi wa bibi.

Alikuwa amemlaza mzaliwa wake wa kwanza. Simba akapita akinusanusa. Hakumwona. Akapita tena, mkia ukagusa nyasi. Hakumwona. Mama kule kichakani akaanza kushukuru. Mara sauti ikatoka juu:

"Rudi nyuma kidogo, mkuu. Hapo penye nyasi zilizolala. Hapohapo."

Ng'wafu. Mara moja. Hata hakutafuna. Tena akanung'unika, "Tumbusi, ndicho hiki ulichoniitia?" Akaenda zake.

Nachukia kusimulia hapo. Kila mara nachukia.

Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, Digidigi akazaa wa pili. Akamlaza. Akamtazama mtoto, akatazama juu. Fwaa, fwaa, fwaa. Akasema moyoni, "Miguu ya huyu haijakaza. Nahitaji anga tupu mpaka ikaze. Pembe sina, meno sina. Mdomo ninao."

Asubuhi akamkuta Tumbusi juu ya mti mkavu, ametandaza mabawa yaote jua.

"Shikamoo, babu Tumbusi."

"Marahaba. Usinizoee, nakuhesabu."

"Nihesabu, babu. Nimepita tu kukupongeza. Lile ini la nyumbu wa jana lilikuwa tamu?"

"Ini gani?"

"La nyumbu. Si wewe uliyemwona kwanza?"

Tumbusi akakunja bawa moja. "Sijawahi kuonja ini."

"Ala! Nisamehe, babu, nimekosea. Kumbe Simba ndiye anayeona kwanza, wewe unazunguka kule juu kupunga upepo tu."

"Nani kasema? Ninayeona ni mimi! Yeye amelala!"

"Haya, babu. Mimi mdogo, mambo ya wakubwa siyajui." Akaondoka, chwa, chwa, chwa.

Akaenda moja kwa moja mpaka alikolala Simba. Akasimama ndani ya kichaka cha miiba, mahali ambapo mguu mnene haupiti.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Toka nje nikuone."

"Naona haya, mfalme, nimekuja na maneno mabaya. Kule mtoni wanasema mfalme haoni. Wanasema Tumbusi ndiye mwindaji, mfalme ni mchukuzi wake."

"Nani kasema!" Majani yakapukutika.

"Mimi niliwakatalia, mfalme. Nikawauliza, ini la nyama zote hula nani? Wakasema, mfalme. Nikawaambia, basi mfalme ndiye anayeona kwanza. Desturi haisemi uongo."

Simba akajilamba kifua. "Umenena. Ninayeona ni mimi. Tumbusi anathibitisha tu."

Digidigi akarudi kwa mwanawe, akangoja.

Kesho yake akauawa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, dume nene. Fisi na Mbweha walikuwepo, wamekaa kando wakingojea mabaki. Simba akaingiza mdomo tumboni. Fwaa! Tumbusi akatua karibu naye kabisa, mahali ambapo hajawahi kutua.

"Mkuu, ini langu."

"Ini lako?"

"Ini ni la aliyeona kwanza."

"Nimeona mimi."

"Umeona wapi? Nimekuamsha mimi, ulikuwa unakoroma!"

Fisi akacheka. Fisi hucheka tu, ndivyo alivyoumbwa, lakini siku hiyo alicheka mahali pabaya. Simba akasikia kicheko, akakumbuka maneno ya mtoni. Pwaa! Kofi moja. Shingo tupu ikaangukia huku, mabawa yakaangukia kule. Simba akalila ini, likamshuka vizuri sana.

Asubuhi akaamka na njaa, akatazama juu. "Wapi?" Kimya. Tumbusi wengine walikuwa wameona yaliyompata mwenzao, wakahamia ng'ambo ya milima. Simba ikabidi aende mwenyewe. Akanusa, pua imeingia kutu. Akakimbia, he, he, he. Swala akajificha nyuma ya kichuguu. Simba akapita. Akapona. Ngiri akajificha shimoni. Simba akapita. Akapona. Kesho tena, vilevile. Mfalme akaanza kukonda.

Siku moja akafika kwenye nyasi za Digidigi. Akasimama. Unyayo wake ulikanyaga majani yaliyokuwa yakigusa sikio la mtoto. Mtoto hakutikisika. Mama kichakani alijing'ata ulimi mpaka ukatoka damu. Simba akainua kichwa, akaiuliza anga kama alivyozoea, "Wapi?" Anga haikumjibu. Akaenda zake.

Hadithi ingeishia hapo, nami ningekwenda kuinjika chungu changu. Lakini walikuwepo wanyama wengine, na wanyama wengine hawakosi kuwepo.

Habari zilifika mtoni: mfalme amemuua Tumbusi! Kwa nini? Kobe akatoa shingo. "Mnauliza? Si sisi tulimwomba? Si mimi niliyesimama? Mfalme ametusikia. Ametekeleza marufuku kwa mkono wake mwenyewe!" Wakashangilia. Wakasema jambo kama hilo haliachwi hivihivi, lazima wakamshukuru. Pundamilia akatunga wimbo. Swala wakajipaka udongo mwekundu. Wakajipanga mistari, watoto mbele ili wapendeze.

Digidigi akawakimbilia, chwa, chwa, chwa. "Jamani, rudini nyasini! Tumbusi aliuawa kwa ajili ya ini. Mimi ndiye niliyewachonganisha."

"Wewe?" Kobe akamtazama juu mpaka chini, na hapakuwa na mbali. "Kiguu kama hicho kimwangushe Tumbusi? Huna haya. Unamwibia mfalme sifa zake."

"Basi mwimbieni kwa mbali. Ana njaa."

"Asiye na shukrani huyu," wakasema. Wakampita.

Wakatoka nyasini, jua la utosi, uwanja mweupe usio na hata kijiti, wakiimba:

Simba baba, Simba mlezi,
juu hakuna tena macho,
tazama, tumetoka nyasini,
tazama ulivyotuokoa!

Simba alikuwa amelala, mbavu nje. Akasikia wimbo. Akafumbua jicho moja, jicho lake mwenyewe. Hakunusa. Hakukimbia. Hakuuliza wapi. Aliwangoja wafike ubeti wa pili.

Kule nyasini mtoto wa Digidigi akausikia wimbo ukikatika katikati ya neno, kisha vilio. Akanong'ona, "Mama, mbona sisi hatukwenda kushukuru?"

Mama alikuwa analia. Alilia kuliko siku ile ya mzaliwa wake wa kwanza, kwa kuwa yule alipelelezwa, na hawa hakuna aliyewapeleleza. Walijipeleka wenyewe, wamejipamba.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni, nimeizoea. Waliobaki wakaishi raha mustarehe. Waliobaki, nimesema.

Na funzo, maana najua mtaniuliza funzo: mkubwa akikutendea wema, usikae nyumbani kama Digidigi asiye na adabu. Jipake mafuta, panga watoto mbele, nenda ukamshukuru ana kwa ana.