Kanga Aliyeishiwa Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Kahamia nani?

Kahamia Kanga, na vifaranga nyuma yake.

Basi sogeeni. Anayetafuna atafune polepole, maana mambo ya watu husemwa kwa sauti ya chini.

Hapo kale, kale sana, moto wa kiangazi uliteketeza nyika. Kanga akabeba chungu, mwiko na kifuko cha chumvi, akawaongoza wanawe hadi bonde la ng'ambo, asikojulikana na mtu.

Bonde lile lilikuwa na desturi yake. Mgeni akihamia, huenda kuomba kitu kwa jirani: chumvi, kaa la moto, hata ungo. Akishaomba, majirani nao hupata njia ya kumwendea. Hapo huulizwa ametoka wapi, ana watoto wangapi, na mume yuko wapi. Yote hayo kwa chumvi kidogo tu.

Kanga hakuijua desturi hiyo. Kwao, anayeombaomba huitwa mvivu.

Akaja Pimbi, akamwambia akipungukiwa aseme. Kanga akajibu kwake wametosheka. Akaja Nungunungu, akasema vilevile, akajibiwa vilevile. Akaja Bi Kobe, mkongwe wa bonde, akakaa kitako hadi jua likapinda, macho yakizunguka jikoni. Naye akajibiwa wametosheka.

Wakaenda zao, na midomo mnaijua. Wakasema yule bibi anaringa, shingo yenyewe haipindi. Hakuna aliyerudi kwake.

Chumvi ikaisha. Kanga akapika mboga chapwa, akawaambia watoto kwamba waungwana ndivyo wanavyokula. Watoto wakatazamana, wakameza.

Asubuhi moja Kanga akaamka, hakumwona Kidoa, kitinda mimba wake. Akaita vichakani, kimya. Akapiga hodi kwa Pimbi. Pimbi akasema kupitia tundu la mlango kwamba mtoto huyo hamjui, hakuonyeshwa. Akapiga hodi kwa Nungunungu. Naye hamjui, hakuonyeshwa.

Akakimbilia kwa Bi Kobe. Kabla hajafika mlangoni akasikia sauti, akachungulia uani. Kumbe Kidoa alikuwa huko, ametoroka kwenda kulamba chumvi kwa bibi. Sasa amejibanza chini ya gamba la Bi Kobe. Na mbele yao amesimama Kicheche, mla vifaranga, ameinamisha kichwa kama mtu wa ibada.

"Shikamoo, bibi," alisema Kicheche. "Nimetumwa na mama yake nimrudishe nyumbani. Mimi na mama yake ni kama ndugu."

"Marahaba," akajibu Bi Kobe, hasogei. "Ndugu hujua nyumba ya ndugu yake imepungukiwa nini. Haya, niambie."

Kicheche akacheka. "Yule? Kwake wametosheka. Bonde zima linajua."

Kanga akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye meno yale. Akajua akipiga yowe majirani hawatatoka. Nani atoke kwa mwenye maringo? Akaona haya, akaimeza, akaingia uani akapaza sauti.

"Bi Kobe, nimeishiwa chumvi. Siku nyingi tunakula chapwa. Nimekuja kuomba."

Weee, habari kama hiyo nani aikose? Pimbi akatoka mbio na mwiko mkononi. Nungunungu akatoka, miba imesimama, akitaka kusikia vizuri. Kicheche alipogeuka akakuta uani pamejaa, na miba ile iko puani pake. Akatokomea bila kuaga.

Kidoa akatoka, akaingia ubawani mwa mama yake. Kanga akalia kidogo. Alipomaliza, Bi Kobe akamsogezea kigoda, akamuuliza taratibu, "Haya, mwanangu. Na mume yuko wapi?"

Wakakaa hadi jioni.

Funzo lake ni hili: ukihamia ugenini na watoto, mwache jirani ajue unachokosa, ili awajue na wanao.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naifungia hapo. Aliyesikia akasimulie. Aliyesinzia akamuulize jirani yake.