Kiti Kimoja cha Mjumbe Huru

Mambo yalibadilika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nne asubuhi. Redio ilikuwa dirishani, nasi tulikuwa jikoni tunachambua maharage: mimi, Ponsiano, Eusebia na katekista Oswini. Mtangazaji akasema wizara inaunda kamati ya kuishauri serikali kuhusu vitabu vya amana, yaani zile nakala ambazo sheria inamtaka kila mchapaji azipeleke maktaba kuu, zitunzwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Anatafutwa mjumbe huru mmoja. Asiwe mchapaji, asiwe muuza vitabu, asiwe mtumishi wa serikali. Apendekezwe na mwananchi aliyewahi kukihitaji kitabu cha amana, na kila mwananchi ataje jina moja tu.

Wote watatu wakaacha maharage, wakanitazama.

Sikilizeni basi, wakubwa kwa wadogo. Nasimulia polepole kwa sababu nataka msaada wenu, na jina linatakiwa Ijumaa.

Kwanza muwajue. Ponsiano ni jirani yangu, fundi saa. Yeye ana macho. Kitu kikipotea kanisani, sokoni au majanini, anaitwa Ponsiano. Eusebia tunasali naye jumuiya moja. Yeye ana masikio. Wimbo aliousikia akiwa mgongoni mwa mama yake anao mpaka leo. Oswini, katekista wetu, ana ulimi. Aliwahi kumpatanisha mtu na mama mkwe wake, tena kabla ya chakula cha mchana.

Mume wangu, Gaudensi, alikuwa mwalimu. Alipostaafu alikusanya nyimbo za kulimia ngoro, yale mashimo tunayochimba huku Umatengo kwenye miteremko ili mvua isichukue udongo. Kazi ile ina mgawanyo wake: wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba, wanawake wanafuata na majembe kuyafukia. Kila upande una nyimbo zake. Kitabu kilichapwa mjini, nakala chache. Nyingine akazigawa, zilizobaki zikaliwa na mchwa. Kisha Mungu akamchukua yeye mwenyewe.

Misa ya kutimiza mwaka tangu afariki ilipokaribia, niliwaambia hawa watatu, "Natamani siku hiyo ziimbwe nyimbo zake zote. Ila kitabu sina, na peke yangu sizikumbuki."

Ponsiano akapanda basi hadi maktaba kuu. Wakamwambia kitabu hicho hakipo. Akawajibu kwamba sheria inasema kipo, naye hana haraka. Wakamruhusu kutazama rafu. Alitazama kutwa nzima, na kesho yake tena, mpaka akakikuta katikati ya vitabu vya mbolea. Mtu aliona neno "kulima" kwenye jalada, akaridhika.

Akanipigia simu. "Mama Alanusi, nimempata mzee. Amekaa na samadi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamsikia anafungua kurasa, kisha akaguna.

"Kuna nini tena?"

"Nyimbo za wanaume zimo mara mbili. Za wanawake hazimo kabisa."

Hapo nikaelewa. Marehemu aliwahi kunisimulia mazoea ya pale alipochapisha. Kitabu kikishonwa vibaya hakitupwi. Msimamizi anasema, "Hicho cha serikali," kinaingia kwenye boksi la maktaba. Msomaji anayenunua apewe kizuri, serikali ipewe kibovu, maana serikali haisomi. Gaudensi alilicheka sana jambo hilo. Hakujua kwamba hata chake kimo.

Ponsiano akapiga picha kurasa zote zilizokuwepo, akarudi nazo. Bila yeye tungeendelea kuamini kitabu kimepotea.

Eusebia akajifunga kanga, akapanda milima kwenda kwa mabibi waliomwimbia Gaudensi. Wengine walikwisha kutangulia, na waliobaki walisema wamesahau. Eusebia habishani na mtu aliyesahau. Anakaa, anapokea uji, anaanza kuimba vibaya kwa makusudi. Bibi anavumilia ubeti mmoja. Wa pili anashindwa.

"Nani alikufundisha kuharibu hivyo?"

"Ndivyo tunavyoimba siku hizi, bibi."

"Nyamaza. Sikiliza." Na wimbo wote unatoka.

Alirudi na nyimbo za wanawake zote, akaniimbia nikaziandika. Bila yeye tungekuwa na nusu ya kitabu.

Lakini mimi nimezeeka, Eusebia naye si mtoto. Tukifa, nusu ile inakufa tena. Nilitaka ikae maktaba kuu pamoja na nusu yake. Ofisa wa huko akakataa. Basi Oswini akavaa shati lake jeupe, akaenda.

"Mzee, kitabu cha amana hakiongezwi wala hakipunguzwi," ofisa akamwambia. "Tunakitunza kama kilivyoletwa."

"Vyema, mwanangu. Umeoa?"

"Bado. Nimeposa."

"Siku ya harusi wakikuletea kaka zake wawili, na bibi harusi hayupo, utawatunza kama walivyoletwa?"

Ofisa alicheka hadi mkuu wake akatoka kuuliza kuna nini. Oswini akamsimulia na mkuu. Jioni ile nyimbo za wanawake zilipokelewa, zikawekwa ndani ya jalada moja na zile za wanaume, na kitabu kikaondolewa kwenye mbolea. Tukapewa na nakala yake nzima, yenye muhuri. Bila Oswini, nusu ile ingebaki kwenye madaftari yangu, na mchwa bado wapo.

Siku ya misa ya mwaka tulikula, tukaanza kuimba tukiwa tumekaa kwenye viti. Mabibi wakakataa. Wakasema nyimbo hizi haziimbwi mikono mitupu. Wakaomba majembe. Wanaume wakafyeka majani kando ya migomba yangu, wakayapanga miraba, wanawake wakafuata, na paroko naye akapewa fyekeo. Walilima mpaka shamba langu la viazi likaingia humo, nami sikuwazuia. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na jembe ninalo mkononi.

Sasa rudini nami jikoni.

"Kamati inataka mtu wa kuona mabovu," alisema Ponsiano. "Nisipokwenda mimi, watatunza maboksi ya takataka mpaka Yesu arudi."

"Wewe uliona tundu, mzee," Eusebia akamwambia. "Aliyelijaza ni nani?"

"Na mkikaa na wakubwa wa wizara mtanyamaza kama mko ukweni," alisema Oswini.

"Wewe hutanyamaza hata wakiulizana saa," Ponsiano akamrudishia.

Walicheka, lakini nilijua kila mmoja anakitaka kiti kile, na si kwa ajili ya kukaa tu. Huku milimani wako watu ambao kazi za wazee wao zimo katika maboksi yale zikiwa pungufu, na hawana habari. Nikimtaja Ponsiano, upungufu utaonekana, lakini ataweza kuwashawishi wakubwa? Nikimtaja Eusebia, atajua nini cha kudai, lakini atayafikia vipi maboksi yenyewe? Nikimtaja Oswini, watamsikiliza, ila mtu anayependwa haraka na wakubwa, atabaki huru mpaka lini? Kila mmoja alinipa theluthi ya mume wangu. Siwezi kusema theluthi ipi ni kubwa.

Karatasi iko mezani, nafasi ni ya jina moja. Enyi mlionisikiliza, mkiwa mahali pangu mngemwandika nani, na wale wawili mngewaambia nini?

Wakati mnafikiri, niombeeni huyu mtu wangu. Ee Mungu mwema, mpokee Gaudensi, msamehe alipokosa, mpumzishe panapo nuru yako, yeye na mabibi wote waliomwimbia wakatangulia. Amina.