Mguu wa Kushoto wa Mzee Shekiondo

Kelele ya breki haizimwi kwa redio. Mmeusikia msemo huo leo gereji na mnataka kujua ulikotoka. Ulitoka kwa watu wa hapa hapa Soni, na wenyewe niliwajua.

Mzee Shekiondo aliponunua gari la otomatiki, lile linalobadili gia lenyewe, hakuwa na mwalimu. Gari halikuwa na klachi ya kukanyaga, kwa hiyo mguu wake wa kushoto haukuwa na kazi. Wala hakuwa na mtu wa kumwambia, "Umekosea," maana alikuwa ameendesha malori miaka thelathini.

Mguu ule aliupumzisha juu ya pedali ya breki, wa kulia ukakanyaga mafuta. Hivyo ndivyo alivyomfundisha mwanawe Hiza, aliyenunua gari kama hilo akaenda nalo Dodoma na watoto wake wadogo.

Haikupita miezi mingi, magurudumu ya mbele ya gari la mzee yakaanza kupiga mluzi. Mkewe akauliza.

"Vumbi hilo," akasema mzee, akaongeza sauti ya redio.

Mluzi ukawa mkwaruzo. Redio ikaongezwa tena.

Siku moja yeye na mkewe waliteremka kwenda Mombo. Kwenye kona ya mwisho pedali ya breki ilizama hadi chini. Gari likasimama kwa kuparamia ukingo wa udongo. Hawakuumia. Wakavutwa hadi gereji ya Mbaruku, pale Mombo.

Mbaruku alifungua gurudumu. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha, chuma kinasugua chuma, na diski imebadilika rangi kwa joto.

"Mzee wangu, unaendesha kwa miguu mingapi?"

"Miwili. Mungu kanipa miwili."

"Basi mmoja unakwenda, mwingine unazuia. Breki hii haijapumzika hata siku moja. Otomatiki ni mguu wa kulia peke yake, na mteremkoni unashusha gia."

"Wee! Nimeshika usukani hujazaliwa!"

Mkewe akaingilia. "Na Hiza kafundishwa na nani? Wajukuu zangu wamo ndani ya gari lile, Baba Hiza, nawe unabishana?"

Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Mzee akaomba karatasi, akaandika juu ya boneti:

"Mwanangu, nilikufundisha vibaya. Mguu wa kushoto uweke sakafuni. Gari likipiga kelele, lipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Kelele ya breki haizimwi kwa redio."

Akalamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akamkabidhi dereva wa basi la Dodoma mkononi.