Jumbe Aliyeanika Mihogo kwa Nyota

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na mihogo iliyoanikwa gizani!

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na Jumbe Sengondo, mwepesi wa kuamua kuliko kufikiri. Msimu mmoja, mihogo ikiwa imeshamenywa, akatangaza:

"Jua ni moja tu, na linakausha. Nyota hazihesabiki. Basi zitakausha upesi zaidi! Mchana mihogo ifungiwe ndani, usiku ianikwe."

Watu wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Bi Nyamizi, mfinyanzi mkongwe tunayemtaja mpaka leo, hakupiga. Mihogo ile ndiyo ilikuwa chakula cha wajukuu zake mpaka mavuno mengine. Alipoinusa na kukuta imeanza kuvunda, hofu ikamshika. Akamwendea Jumbe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mihogo inaoza."

"Subira, bibi. Nyota bado hazijapata moto."

"Haya. Leo jioni oga, usijifute. Zianze kukukausha wewe."

Giza lilipoingia, Jumbe akapanda kichanjani katikati ya mihogo, maji yakimchuruzika, chururu chururu. Meno yakagongana, te-te-te-te!

"Umekauka?" Bi Nyamizi akamuuliza.

"B-b-bado!"

Bi Nyamizi alikuwa ameuwasha moto wake wa kuchomea vyungu. Jumbe akaurukia, puku puku puku! Kabla hajaota vizuri, bibi akamshika mkono, akamburuta mpaka ng'ambo ya bonde, watu wakiwafuata.

"Moto unauona?"

"Nauona, mdogo kama kimulimuli."

"Unakupa joto?"

"Hata kidogo!"

"Umezimika?"

"Haujazimika. Mimi ndiye niliye mbali."

"Na nyota je?"

Jumbe akatazama juu. Akapiga chafya, chyaa!

"Kumbe! Nazo ni mioto mikubwa, ila iko mbali mno! Jamani, leteni ngazi!"

Watu wakakimbilia ngazi, kweli. Bi Nyamizi akacheka mpaka akakaa chini.

"Ngazi ya nini, mjukuu wangu? Moto wa karibu hutupitia hapa kila siku, nawe unaufungia mlango!"

Asubuhi mihogo ikatolewa juani. Iliyooza ikatupwa, iliyosalia ikakauka, na wajukuu wakala ugali wakashiba. Jumbe naye alijilaza kando ya mihogo, akikauka.

Basi wenzangu, mwanga ukiwa mwingi usishangilie tu, uliza kwanza unatoka umbali gani.

Hadithi yangu imekauka, naianua.