Kwa Nini Pembe ya Ngofwe Hulia kwa Kukatikakatika

Hapo kale, wajukuu zangu, pembe ya mlima wetu wa Ngofwe haikuwa ya kila mtu. Ilitundikwa ndani ya ua wa Jumbe Sengondo, na ilipolia, mlio mmoja mrefu, watu walijua kuna vita au nzige. Msiba wa mtu ulibaki nyumbani kwake. Aliyefiwa aliuma meno, aliyeugua alifunga mlango. Kulia hadharani kulikuwa aibu.

Enzi hizo aliishi Nakunda, ambaye mumewe alikuwa ameshuka nyikani kutafuta chumvi. Asubuhi moja ya masika, akitoka kuteka maji, aliona mlima umeporomoka na kuifukia nyumba yake. Ndani walikuwamo mama mkwe wake na wanawe wawili. Alifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Chini ya tope akamsikia mwanawe akiita. Akajua kuwa peke yake hatawahi.

Akakimbia hadi kwa jumbe. Mlinzi wa pembe akamzuia.

"Mama, hii ni pembe ya nchi."

"Na waliofukiwa ni wa nani?"

Akampita, akaitwaa. Pumzi zilikuwa zimemwishia, hivyo mlio mrefu haukutoka; pembe ililia kwa kukwamakwama, kama mtu mwenye kwikwi.

Wanaume walishuka na mikuki, wakidhani ni vita. Nakunda akawaongoza hadi kwenye lile tope. Wakachimba kwa mikuki, wakazoa kwa ngao. Watoto walitolewa wakiwa hai. Bibi yao alikuwa amekwisha kata roho, mikono yake ingali imewakumbatia.

Kesho yake, baada ya maziko, Nakunda alisimamishwa barazani, kwani kwa sheria ya wakati huo, aliyeigusa pembe bila idhini ya jumbe alifukuzwa mlimani. Akasema kwa sauti isiyotetemeka:

"Jumbe, nimeigusa, na leo yakinifika yale yale nitaigusa tena. Nchi isiyosikia kilio cha mtoto mmoja, vitani inapigania nini?"

Jumbe akasema:

"Mwaka jana nilimzika binti yangu, mlango umefungwa. Nilitamani japo mtu mmoja anishike mkono. Hakuja mtu, maana sikumwita mtu."

Akainuka, akaitoa pembe uani, akaenda kuitundika njia panda kwa mkono wake mwenyewe. Nakunda akaenda nyuma yake, kichwa juu, na baraza zima likamfuata.

Na tangu siku hiyo, pembe ya Ngofwe ina milio miwili: mrefu ni wa nchi, na wa kukatikakatika ni wa aliyefikwa na msiba. Ukilia huo wa pili, jembe huachwa shambani na chungu huepuliwa mekoni, hata kama chakula hakijaiva. Na mgeni akiwauliza wanaokimbia, "Kwani amefikwa nani?" humjibu bila kusimama:

"Sisi."