Habari za Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto huu unatutosha sote. Zamani hizo, wanyama na watu walipokuwa wakiamkiana njiani, palikuwa na mkulima wa mtama aliyeitwa Mhina, na mkewe Mwanamvua. Walikuwa na binti mmoja tu, Kilua. Masika moja homa ikamshika Kilua, na siku ya nne wakamzika.

Tangu hapo Mhina alilala kitandani akaugeukia ukuta. Hali, hasemi, hatoki. Ni maji tu, tena kidogo. Majirani walimletea hadithi kubwakubwa za kumchangamsha, za wafalme, za majini, za vita. Wapi. Hali, hasemi, hatoki. Mwanamvua akaanza kuogopa kwamba litachimbwa kaburi la pili.

Asubuhi moja Kobe akapita, akaomba majani ya mchicha. Mwanamvua akampa, akamweleza yaliyomkuta mumewe. Kobe akasema yeye habari za wafalme hana, maana wafalme hupita mbio wakamwachia vumbi. Anazo habari ndogondogo tu za njiani. Mwanamvua akamwambia aingie nazo hizo hizo.

Kobe akajikunja kando ya kitanda, akatafuna kwanza, kisha akasema, "Leo nimemwona Bi Siwatu akichoma mihogo. Mmoja ukaungua upande mmoja. Akala ulioungua yeye, mjukuu akampa ulio mzuri."

Mara harufu ya muhogo wa kuchoma ikajaa chumbani, na jikoni hapakuwa na moto. Mhina akafumbua macho.

Siku ya pili Kobe akarudi. Akasema amewaona wanawake wawili kisimani. Kata ya mmoja ya kuchotea maji ilitumbukia, wakacheka mpaka wakakaa chini. Kicheko kikasikika mle ndani, chepesi, kikizunguka chini ya dari. Mhina akageuka, akaupa ukuta mgongo.

Siku ya tatu Kobe alichelewa. Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Leo nimepita shambani kwako," Kobe akamwambia Mhina. "Mtama umetoa masuke, ndege wanaula. Mkeo alikuwa peke yake, akiwapungia kanga yake. Akiwafukuza huku, wanatua kule."

Punje za mtama mbichi zikadondoka shukani. Mhina akaziokota moja moja mpaka kiganja kikajaa.

"Kumbe umekuwa ukienda peke yako?" akamuuliza mkewe.

"Kila siku, Baba Kilua."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa mle ndani tangu mazishi. Mhina akalia, naye alikuwa hajalia bado. Alipotulia akaketi, akasema, "Nieleze. Nieleze siku zote hizo."

Mwanamvua akakaa karibu naye. Akamweleza siku mpini wa jembe ulipovunjika, siku chumvi ilipokwisha, na siku alipookota ndara moja ya mtoto chini ya ghala, asijue aiweke wapi. Uji ukapoa. Mhina akaunywa hivyo hivyo.

Kobe alikuwa ameshaondoka, wala hawakumwona akitoka.

"Hiyo ndara ilete," Mhina akasema. Mwanamvua akaileta, Mhina akainuka, akaiweka mlangoni kando ya ndara zake. Kisha wakatoka wote wawili kwenda kufukuza ndege.

Na mimi hadithi yangu naitua hapo.