Kura za Kiboko, Wajumbe wa Pimbi

"Paukwa."
"Pakawa."
"Palikuwa na kura?"
"Nyingi."
"Palikuwa na wajumbe?"
"Wachache."
"Nani alishinda?"
"Utuambie wewe."

Basi ketini. Sina hakika kama nitawaambia, lakini nitakitaja kila kitu kwa jina lake, kisha mtahesabu wenyewe.

Hapo zamani palikuwa na bonde lililoitwa Msufini. Katika bonde hilo palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka, nayo iliitwa Matone. Rais wa Msufini alikuwa na kazi moja: wakati wa kiangazi, ndiye aliyepanga nani anywe kwanza na nani anywe mwisho.

Vyama vilikuwa viwili, Chama cha Mbawa na Chama cha Miguu Minne. Chama cha Mbawa kilisimamisha mgombea kila uchaguzi, na kila uchaguzi mgombea huyo alipata kura yake na ya mkewe, isipokuwa mwaka mmoja walipokuwa wamegombana. Kwa hiyo aliyeteuliwa na Chama cha Miguu Minne, huyo ndiye aliyekuwa Rais. Kilichobaki kilikuwa ngoma na maakuli.

Mwaka ninaousimulia, waliojaza fomu za kuteuliwa walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Kiboko wa kata ya Mtoni. Wa pili alikuwa mnyama mdogo wa kata ya Majabalini, ambaye wengine humwita Pelele na wengine humwita Kwanga. Mimi nitamwita Pimbi, maana ndivyo alivyoandikwa katika fomu.

Ahadi ya Kiboko ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza: mwenye mwili mkubwa ana kiu kubwa, kwa hiyo wakubwa wanywe kwanza. Sehemu ya pili: kabla ya yeyote kunywa, Kiboko ataoga. Nyumbu wa kata ya Mbugani hawakuisikia sehemu ya pili, kwa kuwa walikuwa bado wanaishangilia ya kwanza.

Lakini Bi Digidigi wa kata ya Kichakani alizisikia zote mbili. Kiangazi kilichotangulia, alifika Matone wa mwisho akakuta tope. Alikuwa na watoto wawili. Mvua iliponyesha alikuwa na mmoja. Ndiye aliyempandia Pimbi jabalini na kumwomba agombee. Pimbi alimwambia kwamba hawezi kumshinda Kiboko kwa kura. Bi Digidigi akajibu kwamba yeye hakuja kuomba kura, alikuja kuomba maji.

Pimbi akaenda kumuuliza Katibu wa chama, Bi Kobe, uteuzi unakwendaje. Bi Kobe aliihifadhi katiba ya chama chini ya gamba lake, na hapakuwa na mwingine aliyewahi kuisoma yote. Akamweleza polepole. Bonde lina kata tano: Mbugani, Mtoni, Majabalini, Kichakani na Mashimoni. Kila kata, kubwa au ndogo, hupeleka wajumbe watatu kwenye mkutano mkuu. Wajumbe hao kumi na watano ndio wanaoteua. Sheria hiyo iliandikwa siku ambazo kata zote zilikuwa sawa kwa idadi. Baadaye Nyumbu walizaana, sheria haikuzaana.

"Na wajumbe watatu wa kata wanamfuata nani?" akauliza Pimbi.

Bi Kobe akasema kwamba kwa desturi ya Msufini wajumbe wa kata hugawanywa kama uji wa shirika. Mwenye kura nyingi hupata wengi, na mwenye kura zinazomkaribia harudi na kibakuli kitupu.

Pimbi akaketi akahesabu kwa vidole. Pimbi ana vidole vinne kila mguu wa mbele na vitatu kila mguu wa nyuma, jumla kumi na vinne, ikambidi aazime kwato moja ya Bi Digidigi. Akahesabu kwa desturi ya kugawana: akashindwa kwa mjumbe mmoja. Akahesabu tena: akashindwa kwa mjumbe yule yule. Kisha akahesabu kwa namna nyingine, na safari hii hakurudia.

Siku ya wagombea kuthibitisha au kubadili kanuni za kugawa wajumbe ilipofika, Kiboko alikuja na wapambe wake, tii, tii, tii, ardhi ikatikisika. Pimbi alikuja peke yake, cha, cha, cha, akainama mpaka pua ikagusa mchanga.

"Bwana Mkubwa," akasema, "mimi mdogo wako nina ombi moja tu. Desturi yetu ya kugawana isiguswe. Kule Mbugani una watu wengi. Katika wajumbe watatu, huwezi kukosa kuniachia mmoja."

Kiboko akafungua jicho moja. "Mmoja wa nini?"

"Wa kupozea macho."

"Mbugani ni kwangu."

"Basi nusu ya mmoja."

"Kichwa au miguu?" akauliza Kiboko, na wapambe wakacheka mpaka wakakohoa.

Pimbi akangoja wamalize. "Ndiyo maana nakuomba, Bwana Mkubwa. Usije ukasema kwamba anayeshinda katika kata achukue wote watatu. Ukisema hivyo, nitarudi Majabalini na aibu yangu."

Kiboko hakuwa amefikiria kusema hivyo. Sasa alifikiria. Jicho la pili likafunguka.

"Andika," akamwambia Bi Kobe. "Anayeshinda katika kata, hata kwa kura moja, achukue wajumbe wote watatu. Kiboko hagawani."

Pimbi akajifunika uso akalia. Bi Kobe akauliza mara tatu, kama ilivyo desturi, na mara tatu Kiboko akajibu, "Hagawani." Akakanyaga tope, akaweka unyayo wake chini ya maandishi, unyayo ukajaza ukurasa. Pimbi akaweka wake pembeni, palipobaki. Bi Kobe alimtazama Pimbi kwa muda uliozidi kidogo uliohitajika, kisha akarudisha kichwa ndani.

Kampeni zikaanza, nazo zilikuwa za siku kumi.

Kiboko akaenda Mbugani, akasimama, akasikilizwa. Nyumbu mia tisa wakapiga kwato, ngururu, ngururu, vumbi likapanda hadi mawinguni. Kiboko akalala usingizi mzuri.

Pimbi akaenda Kichakani, akaketi, akasikiliza. Walikuwa wakazi kumi na wawili. Kila mmoja alieleza kiu yake, na wa mwisho alieleza kiu ya jirani yake pia.

Siku ya tatu Pimbi akapita Mtoni, cha, cha, cha, akamwamkia Kiboko kwa heshima. Akamwambia kwamba amesikia kule Mbugani, ng'ambo ya kijito, wako Nyumbu kama ishirini ambao siku ile hawakumwona vizuri kwa sababu ya vumbi. Ni jambo dogo, akasema, wala asijisumbue. Kiboko hakula. Nyumbu ishirini wasiomwona vizuri walimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kiboko akaenda tena Mbugani, akasimama, akasikilizwa. Ngururu, ngururu.

Pimbi akaenda Mashimoni, akaingia shimo moja hadi jingine, akaketi, akasikiliza. Huko walikuwa wakazi kumi na saba, Nungunungu na Muhanga, na wengi hawakuwa wamewahi kutembelewa na mgombea yeyote. Mzee mmoja Muhanga alimuuliza uchaguzi ni nini. Pimbi akamweleza. Mzee akasema kwamba alidhani ule mtikisiko wa kila miaka mitano ni tetemeko.

Mpambe mmoja wa Kiboko, Ngiri, aliyekuwa na akili zaidi kuliko alivyoruhusiwa kuonyesha, alishauri kwamba ingefaa Bwana Mkubwa afike Mashimoni japo kwa saa moja.

"Wako wangapi huko?" akauliza Kiboko.

"Kumi na saba."

"Nikipiga chafya Mbugani napata zaidi ya hao."

Siku ya saba Pimbi akapita tena. Safari hii alikuwa amesikia juu ya Nyumbu watano. Siku ya tisa alikuwa amesikia juu ya mmoja, kilema, anayekaa mwisho wa mbuga. Kiboko akamwendea huyo mmoja, tii, tii, tii, mwendo wa kutwa nzima, akarudi na miguu imevimba na moyo umetulia.

Siku ya kupiga kura, kila kata iliweka vibuyu viwili. Mpiga kura alitumbukiza kokoto katika kibuyu cha amtakaye. Mbugani vibuyu vilijaa vikamwagika, to-to-to-to-to, ikabidi waletewe mitungi. Mashimoni ilikuwa to. Kimya. To.

Jioni Bi Kobe akasoma matokeo mbele ya chama chote, naye alisoma kila jina na kila hesabu, hakuruka kitu.

Mbugani: Kiboko mia tisa na kumi na mbili, Pimbi tatu. Nyumbu wakapiga kwato.

Mtoni: Kiboko mia mbili na nne, Pimbi hakuna. Kiboko akapiga miayo.

Majabalini: Pimbi thelathini na moja, Kiboko moja. Ile moja ilijulikana kuwa ya mama mkwe wa Pimbi, naye hakuikana.

Kichakani: Pimbi saba, Kiboko tano.

Mashimoni: Pimbi tisa, Kiboko nane.

"Jumla ya kura," akasema Bi Kobe, "Kiboko elfu moja mia moja na thelathini. Pimbi hamsini."

Kiboko akasimama kutoa shukrani.

"Jumla ya wajumbe," akaendelea Bi Kobe, "Kiboko sita. Pimbi tisa. Aliyeteuliwa ni Pimbi."

Kisha Kiboko akauliza, kwa sauti ya upole ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kama elfu moja mia moja na thelathini ni chache kuliko hamsini. Bi Kobe akasema si chache. Kiboko akauliza kama yule kilema wa mwisho wa mbuga alimpigia kura. Bi Kobe akasema alipiga, na kokoto lake limo mtungini. Kiboko akauliza limekwenda wapi.

"Limekaa juu ya yale mengine," akasema Bi Kobe. "Mbugani ulikwishashinda siku ya kwanza, Bwana Kiboko. Mlima ukiuongezea jiwe hauwi milima miwili."

Kiboko akapandwa na hasira. Akasema wizi umefanyika, na desturi ya Msufini ni kugawana, basi wagawane. Bi Kobe akatoa ukurasa wenye unyayo. Akaunyoosha juu ya nyasi, taratibu, ili kila mmoja auone. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa na haja ya kusemwa, lakini yeye alipenda hesabu zikamilike: kwa desturi ya zamani, Kichakani ingempa Kiboko mjumbe mmoja, na Mashimoni mmoja. Angekuwa na wanane, Pimbi saba.

Ngiri akatazama pembeni.

Pimbi akawa Rais. Chama cha Mbawa kilipata kura mbili, maana mwaka ule ndoa ilikuwa salama. Kiangazi kikaja, kikali kuliko kile kilichotangulia. Asubuhi ya kwanza, Bi Digidigi alifika Matone na mwanawe, akakuta maji meupe yanayoonyesha mchanga wa chini. Mtoto akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Mama yake hakunywa kwanza, alisimama akimwangalia.

Utaratibu wa Rais Pimbi ulikuwa mwepesi kueleweka. Kila kata zamu moja, na zamu zote sawa kwa urefu, zikipimwa kwa kivuli cha kijiti. Kichakani, wakazi kumi na wawili, walikunywa wakashiba, na kivuli kilikuwa hakijafika nusu. Mbugani, wakazi mia tisa na kumi na watano, walisukumana, walikanyagana, na kivuli kilipofika mwisho waliokuwa nyuma walirudi na midomo mikavu.

Mzee mmoja Nyumbu, jina lake Makoleo, alimwendea Rais. Akavua kofia, kama wazee wa zamani walivyofanya, akauliza kwa adabu kama isingewezekana zamu zipangwe kwa vichwa badala ya kata.

"Ni swali zuri, mzee wangu," akasema Pimbi. "Lakini bonde hili huhesabu kata. Ndizo zilizoniweka hapa. Mimi ni nani hata niziguse?"

"Na waliokuwa nyuma?"

Pimbi akasema ataunda kamati. Itakuwa na wajumbe watatu kutoka kila kata.

Mzee Makoleo akamgeukia Bi Digidigi, kwa kuwa alimjua ni mkweli, akamuuliza yeye anaonaje. Bi Digidigi akamtazama mwanawe, aliyekuwa akiruka ruka juu ya mchanga. Akamchukua mtoto akaenda zake.

Naye Kiboko yumo mtoni mpaka leo. Mkipita karibu mtamsikia. Huibuka, fuuu, akataja hesabu, huzama, akaisahau, huibuka tena, fuuu, akaanza upya na kokoto la kwanza. Hajafika hata mara moja kwa yule kilema.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni kwa vichwa. Ikiwa chungu, gawaneni kwa kata.

Funzo lake ni lile tulilolipokea kwa wazee: wengi wape. Ni funzo lisilo na shaka. Pimbi mwenyewe aliamuru lichongwe kwa herufi kubwa juu ya jiwe la Matone, upande ule ambao Nyumbu husimama wakingoja.